Chumba Hiki Kinatosha? Mafunzo Niliyopata Nikipima Vyumba vya Kulala Kwenye Ramani

Mtu akikuambia anajenga, swali la kwanza utakalomuuliza ni "vyumba vingapi?" Akijibu vitatu, au vinne na kimoja masta, unaridhika, na mazungumzo yanahamia kwenye bati na bei ya saruji. Ukubwa wa vyumba vyenyewe hauulizwi mpaka siku ya kuhamia, kitanda kinapokataa kukaa. Mume wangu nami tulipopata kiwanja Mapinga, upande wa Bagamoyo, tulichorewa ramani ya vyumba vitatu: masta ya mita 3.6 kwa 4.0, na vyumba viwili vya mita 3.0 kwa 3.0, kimoja cha watoto wetu wawili na kingine cha mama mkwe wangu, ambaye hukaa kwetu sehemu kubwa ya mwaka. Mchora ramani alisema hivyo ni vipimo vya kawaida, na kweli ni vya kawaida. Mimi nilitaka kujua kama vinatutosha sisi. Ramani ile ilikaa mezani kwetu muda mrefu kabla jembe halijagusa ardhi, na haya ninayaandika kwa ajili ya yeyote ambaye nyumba yake bado ni karatasi.

1. Uliza kipimo kimeanzia wapi

Chumba kimeandikwa 3.0 kwa 3.0. Tatu hiyo imepimwa kutoka wapi mpaka wapi? Inaweza kuwa nje kwa nje ya ukuta, inaweza kuwa senta kwa senta, inaweza kuwa ndani kwa ndani. Ya kwetu ilikuwa senta kwa senta, yaani kutoka katikati ya ukuta mmoja mpaka katikati ya ukuta wa pili, na ndivyo mafundi wengi wanavyopenda kuseti msingi kwa sababu kamba inapita katikati ya tofali.

Sasa piga hesabu. Ukuta wa tofali la inchi 6 lililosimamishwa una unene wa sentimita 15, kwa hiyo kila upande chumba kinapoteza sentimita 7 na nusu. Plasta inaongeza sentimita moja na nusu kila upande. Mita 3.0 ya kwenye ramani inabaki mita 2.82 ya kuishi. Kwa eneo, mita za mraba 9 zinashuka hadi chini kidogo ya 8, na hapo bado hujaingiza hata stuli. Ukuta ukijengwa kwa kulaza tofali, unene unakaribia sentimita 23, na chumba kile kile kinabaki na mita 2.74.

Nilichukua nakala yangu ya ramani nikaandika kwa kalamu nyekundu, ndani ya kila chumba, kipimo cha ndani baada ya plasta. Tangu siku hiyo mimi na mume wangu tulijadiliana kwa namba nyekundu tu. Ukiwa na mchora ramani, swali ni fupi: "Hii ni senta au ni ndani?" Akisita kujibu, msimamishe hapo hapo mpaka ajibu.

2. Godoro lina kipimo chake, kitanda kina chake

Magodoro kwetu yanauzwa kwa futi: 6 kwa 6, 5 kwa 6, 4 kwa 6, 3.5 kwa 6. Godoro la 5 kwa 6 ni sentimita 152 kwa 183, na watu wengi wakitaka kujua kama chumba kinatosha hupigia hesabu namba hizo. Lakini godoro halilali sakafuni. Kitanda chetu cha mninga, chenye ubao wa kichwani na wa miguuni, nilikipima kikawa sentimita 165 kwa 205. Vitanda vya watoto, vya godoro la 3.5 kwa 6, vina sentimita 117 kwa 205 kila kimoja. Kabati la nguo linahitaji kina cha sentimita 60 ili henga ikae vizuri na mlango ufunge.

Weka kitanda cha 5 kwa 6 kwenye chumba chenye mita 2.82 ndani. Kikikaa katikati ya ukuta, unabaki na sentimita 58 kila upande, jambo zuri. Miguuni unabaki na sentimita 77, na kabati likikaa hapo, kati yake na kitanda inabaki nafasi ya sentimita 17. Hapo hapiti mtu, na mlango wa kabati haufunguki. Ukihamishia kabati ubavuni, kitanda inabidi kisukumwe mpaka ukutani. Kwa watoto wetu hesabu ilikuwa mbaya zaidi: vitanda viwili vya 117 vinakula mita 2.34, na katikati inabaki sentimita 48. Watoto wangepita ubavuubavu, na kabati lingebaki koridoni.

Jambo moja zaidi kuhusu vitanda. Vile vinavyochorwa kwenye ramani mara nyingi ni vidogo kuliko vya kweli. Kitanda cha mito miwili kilichochorwa kwenye masta yetu nilikipima kwa rula, kwa skeli ya 1:100, kikawa na upana wa mita 1.3. Kitanda chetu cha 5 kwa 6 kina mita 1.65. Chumba kilionekana kina uwanja mpana kwa sababu kitanda kilichochorwa kilikuwa kidogo.

3. Kata vitanda vya boksi

Omba nakala ya ramani kwa skeli ya 1:50, ambapo sentimita mbili za karatasi ni mita moja ya nyumba. Chukua boksi lolote, kata fanicha zako kwa vipimo ulivyopima mwenyewe: kitanda cha 5 kwa 6 kinakuwa sentimita 3.3 kwa 4.1, kabati la mita 1.2 linakuwa 2.4 kwa 1.2. Kata na mlango pia, robo duara ya eneo unalofagia ukifunguka. Kisha sogeza. Watoto wetu walifanya kazi hii kwa bidii kuliko sisi, na mkubwa ndiye aliyegundua kwamba mlango wa chumba chao ungegonga kitanda kabla haujafika nusu.

4. Zunguka kitanda na chandarua

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na sijaona mchora ramani yeyote akilizungumzia jambo hili.

Sisi watu wa pwani tunalala ndani ya chandarua. Chandarua kinachomekwa chini ya godoro pande zote, kila usiku, na anayechomeka lazima azunguke kitanda. Kwenye nyumba tuliyokuwa tumepanga Tabata, Dar es Salaam, kitanda cha watoto kilikuwa kimegusa ukuta upande mmoja. Kila jioni nilipiga magoti juu ya godoro, nikaingiza mkono kwenye upenyo kati ya ubao na ukuta, nikasukuma kitambaa chini kwa vidole huku bega likikwaruza plasta. Upande huo haukuwahi kukaza sawasawa. Halafu mtoto akigeuka usiku, kiwiko kinakandamizwa kati ya godoro na ukuta, ngozi inagusa chandarua, na mbu anauma kupitia matundu yale yale yanayopitisha hewa. Asubuhi unaona vipele vimejipanga kwenye mkono mmoja tu, ule wa upande wa ukuta. Mwenye mtoto aliyewahi kulazwa kwa malaria anaelewa kwa nini suala la sentimita 50 za sakafu silichukulii kama suala la urembo.

Kwa hiyo kipimo changu kikawa hiki: kila kitanda ndani ya nyumba kizungukike, au angalau pande mbili ndefu ziwe wazi. Mtu mzima anapita vizuri kwenye sentimita 60. Akigeuka ubavu anapita kwenye 45, lakini akiinama kuchomeka chandarua anahitaji nafasi ya makalio kurudi nyuma, na 45 inakuwa ya kubana. Nilisimama kati ya kitanda na kabati, nikasogeza kabati kidogo kidogo, mpaka nikapata mahali ninapoinama bila kugusa kitu. Ilikuwa sentimita 55. Fanya jaribio hilo kwa mwili wako mwenyewe, kwa sababu namba ya kitabuni haijui kiuno chako.

Wapo walioshauri tununue kitanda cha ghorofa kwa watoto, cha deka, tuokoe nafasi. Ni ushauri mzuri kwa nchi za baridi. Kwetu chumba kinahitaji pangaboi, na mtoto wa deka ya juu akiinuka usingizini kichwa na mikono yake vinakaribia mapanga ya feni. Joto nalo hupanda juu, na chandarua cha yule wa juu hakina pa kuning'inia. Niliikataa deka, na sijaona sababu ya kubadili msimamo.

5. Chumba kina mwenyewe, mpime yeye

Mama mkwe wangu ana maumivu ya magoti. Akiamka usiku hukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, kisha hunyoosha mkono ashikwe. Anayemshika husimama mbele yake, hupiga hatua moja nyuma, na wote wawili husogea. Hatua ile moja ya nyuma ndiyo iliyoamua upana wa chumba chake. Ubavu wa kitanda anaoshukia ulihitaji sentimita 90, ule mwingine unaweza kuwa mdogo. Mlango wake ulihitaji fremu ya sentimita 90 ili siku moja, Mungu apishe mbali, kiti cha magurudumu kikihitajika kisikwame kwenye fremu.

Nilimwekea ramani mbele yake nikamuuliza, "Mama, wewe chumbani kwako unataka nini?" Sikutegemea majibu yaliyo bayana namna ile. Alitaka mahali pa kusalia ambapo kiti chake kikae moja kwa moja, kisihamishwe kila wakati wa sala, kwa sababu siku hizi husali ameketi. Kutoka pwani yetu Kibla kiko karibu kaskazini kamili, kwa hiyo kona moja ya chumba ikabidi iwe tupu, ikitazama kaskazini, na isiwe njia ya mlangoni. Alitaka pia asilale miguu ikielekea Kibla. Hapo hapo ukuta wa kichwa cha kitanda ukawa umeshaamuliwa, na dirisha lililokuwa limechorwa kwenye ukuta huo likabidi lihame. "Na sanduku langu," akaongeza, "msiniwekee juu ya kabati, sitalifikia." Sanduku lile la bati likakatwa kwenye boksi kama fanicha nyingine.

Kwa watoto swali ni la miaka. Leo wana miaka tisa na sita, na chumba utakachokijenga leo watakaa nacho mpaka watakapoondoka nyumbani. Halafu kuna wageni. Nyumba ya Mswahili haihesabiwi kwa wanaoishi humo peke yao. Idi ikifika, au msiba ukitokea, ndugu wa Tanga wanakuja na godoro la ziada linatandikwa chini kwenye chumba cha watoto. Godoro la 3.5 kwa 6 lina upana wa sentimita 107. Chumba ambacho vitanda viwili vikikaa kinaacha katikati mita moja na sentimita chache, kinalaza watu watatu. Kinachoacha sentimita 48 kinamlaza mgeni sebuleni, kwenye mapito ya watu.

6. Ukuta una wagombea wengi

Chumba cha pembe nne kina kuta nne, na kila kitu kinataka ukuta: kichwa cha kitanda, kabati, mlango, dirisha, kioo. Ndiyo maana chumba chenye eneo la kutosha kinaweza bado kisitoshe. Niliona nyumba moja ya jirani, chumba cha mita 4 kwa 3.5, chenye mlango wa kuingilia, mlango wa choo, mlango wa kutokea kibarazani, na dirisha pana. Hakikuwa na ukuta mmoja mzima, na kitanda kilisimama katikati kikizuia njia zote.

Mlango ukae karibu na kona, ufungukie kwenye ukuta, usifungukie kwenye kitanda. Tulisogeza mlango wa chumba cha Mama kwa sentimita 40 tu, na ukuta wa kabati ukapatikana.

Madirisha yanataka kufikiriwa zaidi. Dar es Salaam na Bagamoyo, kati ya Desemba na Machi, chumba kisichopitisha upepo hakilaliki hata kiwe ukumbi. Upepo wetu unajulikana: Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki miezi hiyo, na Kusi hutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka. Chumba chenye dirisha kwenye kuta mbili tofauti kinapitisha hewa. Chenye dirisha moja kinaipokea na kuikataa. Kumbuka pia kwamba dirisha la aluminiamu la kusukuma linafunguka nusu. Ukiona mita 1.5 kwenye ramani, upepo unapewa sentimita 75, na wavu wa mbu unapunguza hapo tena. Ndani ya chandarua unaongeza kizuizi kingine. Nikikosa eneo, naweza kuvumilia. Nikikosa upepo, chumba hakinisaidii kitu.

Kitanda chini ya dirisha mimi sikitaki. Mvua ya masika ikija na upepo, godoro linaloa kabla hujafika kufunga, na wezi wa dirishani wenye mti mrefu wa kuvulia simu na suruali bado wapo mtaani.

Swichi na soketi zichorwe mwisho, kitanda na kabati vikishapata mahali pake.

7. Futi kumi kwa kumi ilikuwa na ua nyuma yake

Wazee wetu walilea watu wengi kwenye vyumba vya futi kumi kwa kumi, na hoja hii nililetewa na zaidi ya mtu mmoja. Ni hoja ya heshima na inastahili jibu.

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni ilikuwa na korido katikati, vyumba viwili au vitatu kila upande, na nyuma ua wenye jiko na choo. Mbele kulikuwa na baraza. Chumba kilikuwa cha kulala na kuhifadhi mali. Kupika, kufua, kusukana nywele, kupokea wageni, watoto kucheza, vyote vilikuwa uani na barazani. Nyumba tunazochora sasa zimeufuta ua. Mtoto anafanyia kazi za shule chumbani, pasi inapigwa chumbani, mabegi ya safari yanakaa chumbani, mgonjwa anatembelewa chumbani. Tumebeba kipimo cha chumba cha zamani tukaacha nusu ya nyumba iliyokifanya kitoshe.

Rudi nyuma zaidi, kwenye nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja. Vyumba vyake ni vyembamba, vingi havifiki mita 3, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa zaidi ya hapo. Wajenzi wale hawakuweza kuongeza upana, basi waliongeza urefu. Kitanda kilikaa mwisho mmoja wa chumba na maisha mengine yakaendelea upande wa pili. Nilijifunza kwao kwamba ukibanwa upande mmoja, refusha mwingine. Mita 2.82 kwa 3.42 kwa mtu mmoja ni chumba kizuri sana. Cha mita 2.82 kwa 2.82 kinakulazimisha uchague kati ya kabati na njia.

8. Namba za wenzetu zinasaidia, zikisomwa kwa macho yetu

Uingereza ilitangaza viwango vya nafasi za nyumba mwaka 2015. Chumba cha kulala cha mtu mmoja kinatakiwa kiwe na mita za mraba 7.5 au zaidi na upana usiopungua mita 2.15. Cha watu wawili ni mita za mraba 11.5, na chumba kikuu kiwe na upana usiopungua mita 2.75. Kwa kipimo hicho, vile vyumba vyetu vya 3.0, ambavyo ndani havifiki mita za mraba 8, ni vya mtu mmoja. Hesabu zangu za vitanda na chandarua zilikuwa zimeshanifikisha mahali hapo hapo kwa njia nyingine.

9. Usiyaamini macho kwenye msingi

Msingi ukishainuka, kila anayepita atasema, "Mbona vyumba vidogo?" Ni jambo linalowapata karibu wote wanaojenga. Ukitazama chumba ukiwa umezungukwa na anga na shamba, macho yanalinganisha na anga. Kuta zikipanda, chumba kile kile kinaonekana kimekua. Ukipiga plasta na rangi nyeupe kinakua tena, na fanicha zikiingia kinarudi. Najua familia iliyosikiliza wapita njia ikavunja ukuta wa msingi na kuusogeza, na sebule yao ikabaki njia ya kupitia.

Kama unahitaji kuona kwa macho, fanya mapema na ufanye kwa vitu. Sisi tulichomeka vigingi kiwanjani, tukafunga kamba kwa kipimo cha ndani baada ya plasta, tukaleta godoro la watoto na maboksi mawili makubwa ya kusimama badala ya kabati. Fundi wetu alikuwa amekuja kuangalia kiwanja, akaniambia, "Mama, sasa lala uone." Nililala. Mume wangu akapita kati ya godoro na maboksi akiwa amebeba ndoo ya maji. Chumba cha 2.82 kilishindwa mtihani wa ndoo, cha 3.42 kilishinda. Njia nyingine ni kuhesabu marumaru kwenye nyumba za watu. Marumaru za sentimita 60 sita kwa sita ni chumba cha mita 3.6. Ukikaa kwenye chumba cha ndugu yako ukajisikia vizuri, hesabu kabla hujaaga.

10. Sentimita 60 zina mahali zinapotoka

Tulikubaliana chumba cha watoto kifike 3.6 kwa 3.6, na cha Mama 3.0 kwa 3.6. Swali likawa ni fedha na nafasi.

Kuhusu fedha, kuna hesabu moja ambayo ningependa kila anayejenga aijue. Chumba kikitoka 3.0 kwa 3.0 kwenda 3.6 kwa 3.6, mzunguko wa kuta unatoka mita 12 kwenda 14.4, ongezeko la asilimia 20. Eneo linatoka 9 kwenda karibu 13, ongezeko la asilimia 44. Mita 2.4 za ukuta wenye kimo cha mita 3 ni mita za mraba 7.2, na kwa kuwa mita moja ya mraba inakula tofali kama 10, unazungumzia tofali sabini na kitu. Kwa kuwa ukuta mmoja unashirikiwa na chumba jirani, zinakuwa chache zaidi. Ni kweli sakafu, dari, marumaru na bati vinafuata eneo, na hivyo ndivyo vinavyouma. Lakini mlango ni ule ule, waya wa umeme karibu ni ule ule, na fundi wa kuseti hakudai zaidi. Chumba kikubwa ni ghali, ila si kwa kiwango watu wanachotishwa nacho.

Nafasi tuliipata bila kuikuza nyumba. Korido ilikuwa mita 1.5, tukaifanya 1.2, ambayo watu wawili bado wanapishana. Sebule ikatoa sentimita 30 nyingine. Hapo kina cha vyumba vyote viwili kikafika 3.6. Upana wa chumba cha watoto ulitoka kwenye choo. Ramani ya kwanza ilikuwa na choo ndani ya chumba cha watoto, chenye upana wa mita 1.5, kwa sababu siku hizi kila mtu anataka vyumba vyote viwe na choo ndani. Mimi sikuona mantiki ya watoto wawili kuwa na choo chao huku wakilala kwenye chumba wasichoweza kugeukia. Choo cha wote kiko hatua chache, mkabala na mlango wa Mama. Tulikifuta kile cha watoto. Sentimita 60 zikaenda chumbani, na 90 zilizobaki zikawa stoo nyembamba inayofungukia koridoni, ya magodoro ya wageni, mabegi na ubao wa kupigia pasi. Stoo ile imeviongezea vyumba vyote nafasi, kwa sababu imeviondolea mizigo isiyo na mwenyewe.

Ndani, baada ya plasta, chumba cha watoto kina mita 3.42 kila upande. Vitanda viwili vikikaa, kila kimoja ukutani kwake, katikati inabaki mita 1.08, na godoro la mgeni la sentimita 107 linaingia; humu kipimo changu cha pande mbili ndefu zilizo wazi hakikutimia. Miguuni, kabati likishakaa, kuna sentimita 77 za kupita. Chumba cha Mama kina kitanda cha 4 kwa 6 ambacho pamoja na mbao zake ni sentimita 135, kabati la 60, sentimita 90 za kushukia na 57 upande wa pili, kiti cha sala kwenye kona yake, na sanduku chini ya dirisha la mashariki.

Masta hatukuigusa. Kitanda chetu kikija kuwa cha 6 kwa 6 bado tunabaki na zaidi ya sentimita 90 kila ubavu, na kabati miguuni lina njia ya 77. Mchora ramani alitushauri tuiongeze ifike mita 4.5 kwa sababu masta ndogo "haina hadhi". Tulimshukuru tukaiacha ilivyo. Ramani iliyopelekwa halmashauri kuombewa kibali cha ujenzi ina vipimo vyote viwili kwa kila chumba, cha senta na cha ndani, na fedha zilizokuwa za choo cha watoto zimenunua dirisha la pili kwenye chumba chao na kwenye chumba cha Mama.